Tuigize upi Februari: Sarafina!, The Wiz, The Color Purple au Ain't Misbehavin'?

Ikifika Novemba simu yangu haitulii. "Mwalimu, vijana wanataka kuigiza kitu cha Mwezi wa Historia ya Weusi, tuchukue kipi?" Wanaouliza ni walezi wa kwaya na wazazi wa vikundi vyetu vya Waswahili huku Ohio: Wakongo waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, Warundi, Watanzania, Wakenya. Kila kikundi hutaka jibu la neno moja. Mimi huwarudishia swali: mna vijana wangapi wanaoweza kuimba huku wanatembea? Kusimama mistari mitatu na sare, macho kwa mwalimu, hilo tunaliweza tangu utotoni. Kuimba umebeba ndoo, unagombana na mwenzako, halafu unageuka kushoto kwa hesabu ya nne bila kupoteza sauti ya tatu, hiyo ni kazi nyingine, na hapo ndipo michezo hii inapoachana.

Nikisema mchezo wa kuimba nina maana ya tamthilia ya jukwaani ambayo hadithi yake inabebwa na nyimbo na dansi kama inavyobebwa na maneno. Weusi wa Marekani wana zaidi ya miaka mia katika sanaa hii. Shuffle Along, ya Noble Sissle na Eubie Blake, ilifunguliwa New York mwaka 1921 ikajaza ukumbi, na Josephine Baker alipitia humo akiwa mchezaji wa mstari wa nyuma kabla Paris haijamjua. Lakini wachekeshaji wake wawili wakuu, weusi wenyewe, walijipaka rangi nyeusi usoni kama desturi ya majukwaa ya wakati ule ilivyotaka. Ni historia ya kusomwa, siyo ya kumvalisha mtoto.

Wenzetu wa Uingereza wana nafuu, mwezi wao ni Oktoba, tangu 1987. Huku ni Februari kwa sababu mwanahistoria mweusi Carter G. Woodson, alipoanzisha wiki ya historia ya Weusi mwaka 1926, aliipanga iguse siku za kuzaliwa za Abraham Lincoln na Frederick Douglass. Mwaka 1976 wiki ikawa mwezi. Kwa mwalimu wa kwaya maana yake ni moja: mazoezi yote yanaangukia Krismasi, theluji, na magari yasiyowaka asubuhi.

Kuna miwili naiondoa kabla hatujaanza. Hakosi mtoto wa kumtaja Simba wa The Lion King. Ni kweli majina yale ni ya kwetu, Simba, Rafiki, Shenzi, na kwaya zake nyingi ni Kizulu cha Lebo M, mwanamuziki wa Afrika Kusini, lakini ni hadithi ya wanyama wa porini. Hakosi pia kijana wa kutaja Hamilton. Pale waigizaji weusi na wa Kilatino wanawaigiza waasisi weupe wa Marekani, wengine wao wamiliki wa watumwa. Ni ubunifu mkubwa, sikatai. Ila ukitaka mtoto arudi nyumbani akisimulia juu ya mtu mweusi aliyefanya jambo, utakuwa umepanda basi lisilofika huko.

Inabaki minne.

Sarafina! na The Wiz: hapa ndipo ugomvi ulipo

Wengi wetu Sarafina! tunaijua kwa filamu ya 1992, ya Leleti Khumalo na Whoopi Goldberg, ile ambayo Miriam Makeba anaonekana kama mama anayefanya kazi za ndani kwa wazungu. Lakini ilizaliwa jukwaani, Market Theatre, Johannesburg, mwaka 1987. Mbongeni Ngema aliiandika na kuiongoza, muziki akashirikiana na mpiga tarumbeta Hugh Masekela. Januari 1988 ikaingia Broadway, kumbi kubwa za michezo za New York, ikakaa hadi Julai 1989, maonyesho 597, ikichezwa na vijana wa Afrika Kusini ambao nyumbani kwao ubaguzi ulikuwa bado ndio sheria. Hadithi ni ya wanafunzi wa shule ya Morris Isaacson, Soweto. Askari wako nje ya shule, wakati mwingine ndani ya darasa, na wanafunzi wanaandaa mchezo wao wa shule kuhusu siku Mandela atakapoachiwa. Sarafina ndiye anayemwigiza Mandela. Fikiria hilo lilivyokuwa mwaka 1988: msichana wa shule anasimama New York amevaa kama mfungwa ambaye mwenyewe bado yuko gerezani. Mandela alitoka tarehe 11 Februari 1990, miezi saba baada ya mchezo kufungwa. Februari hiyohiyo yetu.

Mzazi mmoja aliwahi kuniambia, kwa heshima lakini kwa uso mkavu, kwamba haoni sababu ya kuhangaika na mambo ya Wazulu katika mwezi wa Wamarekani weusi. Nilimjibu kwa Morogoro. Wanafunzi waliandamana Soweto tarehe 16 Juni 1976 kwa sababu serikali ilitaka wafundishwe masomo kwa Kiafrikana, na polisi wakawapiga risasi. Maelfu ya vijana walikimbia nchi baada ya hapo. Tanzania ilikipa chama cha ANC shamba la zamani la mkonge, Mazimbu, nje kidogo ya mji wa Morogoro, wakajenga shule, wakaipa jina la Solomon Mahlangu, mpiganaji kijana wa ANC aliyenyongwa na serikali ya ubaguzi Aprili 1979. Majengo yale leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine na jina la Mahlangu bado liko langoni. Kwa hiyo akina Sarafina walipokimbia, baadhi yao walikuja kula ugali kwetu. Mzee yule alikaa kimya, kisha akasema yeye alisomea Morogoro na alikuwa akipita pale kila wiki bila kuuliza Mahlangu ni nani.

Halafu kuna jambo la lugha, ambalo kwa watoto wetu halihitaji mhadhara. Nina vijana walioingizwa darasa la sita huku wakijua Kiswahili, Kibembe na Kifaransa kidogo, wakaandikiwa hesabu ubaoni kwa Kiingereza. Ukiwaambia kulikuwa na watoto waliokataa kufundishwa kwa lugha wasiyoielewa, hawaombi ufafanuzi. Wanauliza: ilikuwaje baadaye?

Sasa The Wiz. Haina polisi, haina gereza, haina mzungu hata mmoja. Ni hadithi ya Dorothy, msichana anayebebwa na kimbunga hadi nchi ya ajabu, akakutana na sanamu ya kutishia ndege isiyo na akili, mtu wa bati asiye na moyo, na simba mwoga. Hadithi yenyewe ni ya L. Frank Baum, ya mwaka 1900, na filamu yake maarufu ya 1939 ilikuwa ya wazungu watupu. Mwaka 1975 ikapanda Broadway ikiwa na waigizaji weusi wote, muziki wa soul na gospeli wa Charlie Smalls, na Stephanie Mills wa miaka 17 akiwa Dorothy.

Wazazi huuliza, na wana haki: historia iko wapi hapo? Iko nyuma ya pazia. Aliyeianzisha, Ken Harper, alikuwa mtu wa redio, mweusi, aliyezunguka akitafuta fedha hadi kampuni ya filamu ikamsikiliza. Usiku wa ufunguzi tangazo la kufunga lilikuwa tayari limebandikwa, kwa kuwa tiketi hazikununuliwa na wahakiki wengi hawakuvutiwa. Likapigwa tangazo la televisheni, watu weusi wa New York wakaambiana, mabasi ya makanisa yakaanza kuja, na mchezo uliokuwa ufe ukakaa miaka minne, maonyesho 1,672. Ulichukua tuzo saba za Tony, zile tuzo kuu za Broadway, ikiwemo ya mchezo bora wa kuimba. Geoffrey Holder, mzaliwa wa Trinidad, akawa mweusi wa kwanza kupata Tony ya kuongoza mchezo wa kuimba, na usiku huohuo akachukua nyingine ya maleba. George Faison akawa mweusi wa kwanza kupata ile ya kutunga dansi. Ukiwa na kijana anayependa kushona kuliko kuimba, msimulie juu ya Holder, umempata.

Kwa hiyo Sarafina! inamwonyesha mtoto watu wake wakipambana, The Wiz inamwonyesha watu wake wakicheza bila kumwomba mtu ruhusa. Nimesikia walimu wakisema ya kwanza ndiyo nzito na ya pili ni ya kuchekesha watoto. Mimi sikubali. Kijana wangu mmoja, aliyekaa kambini miaka kumi na moja, aliwahi kuniambia hataki tena kuigiza mtu anayekimbia askari. "Hiyo naijua tayari, mwalimu." Tangu siku hiyo, kabla ya kupendekeza Sarafina! nawauliza vijana wenyewe, mmoja mmoja, mbali na wazazi. Kuna milio ya risasi jukwaani. Kuna mateso. Kwa Wakenya waliozaliwa Columbus ni drama. Kwa mwenzao aliyetoka Fizi, mashariki ya Kongo, huenda siyo drama.

Kwa upande wa sauti, Sarafina! ni mchezo wa kwaya. Nyimbo kubwa ni za wote, mmoja anatoa, wengine wanajibu, sauti nne zinapandana, kama tulivyozoea. Walio hodari wa solfa wanazikamata kwa wiki mbili. Kizulu hakiwasumbui vijana wanaojua lugha za Kibantu: wakisikia abantu wanajua ni watu, wakisikia amaphoyisa wanacheka. Ndani yake kuna Sala ya Bwana kwa muziki wa Ngema, na kuna Nkosi Sikelel' iAfrika, utunzi wa Enoch Sontonga wa mwaka 1897, ambao Mtanzania akiusikia anasimama wima kabla hajajua kwa nini, kwani ndio wimbo wake wa taifa. Kinachowavunja vijana ni miguu. Dansi ni ya magoti juu, dakika nyingi mfululizo, huku unaimba. Anzeni na mbio za kuzunguka ukumbi, msicheke, nawaambia kweli.

The Wiz inasimama juu ya waimbaji wa pekee. Kuna wachawi watatu wanaoimba, wazuri wawili na mbaya mmoja, kila mmoja na wimbo wake. Kuna simba, mtu wa bati, sanamu, na The Wiz mwenyewe, yule wanayemwendea wote kuomba msaada. Na kuna Dorothy, ambaye lazima mwisho kabisa, akiwa amechoka, asimame peke yake na kuimba wimbo wa kurudi nyumbani. Mchezo mzima unasubiri dakika zile nne. Mwaka mmoja tulichagua mchezo kwanza tukatafuta Dorothy baadaye. Tulimpata msichana mwenye sauti ya kutoa machozi, lakini akiona watu anaangalia sakafu. Katika mazoezi alikuwa malaika, siku ya onyesho aliimba akiiangalia pazia ya pembeni, na mimi nikiwa gizani nampungia mikono kama anayeongoza ndege kutua. Kosa lilikuwa langu. Mtafuteni Dorothy kwanza. Asipopatikana, achaneni nayo.

Na hilo neno wachawi. Katika hadithi za Kizungu mchawi ni bibi mwenye kofia ndefu. Katika kikao cha wazazi wetu, neno hilo likitajwa, viti vinaanza kusogea. Nimeshuhudia mchungaji akiuliza kwa upole kabisa kama kanisa linaweza kukodisha ukumbi wake kwa mchezo wenye wachawi. Sikumlaumu, kwa sababu wapo waumini waliokimbia vijiji walikotuhumiwa uchawi. Ukiona kikundi chako kina historia hiyo, usijaribu kuwashawishi kwa hoja za sanaa. Chukua Sarafina!, au peleka The Wiz kwenye ukumbi wa shule.

Jambo moja linanifanya nirudi kwenye The Wiz kila mara, nalo ni namna Holder na Faison walivyotatua matatizo kwa mwili wa mtu badala ya mashine. Kimbunga kilikuwa mchezaji mmoja aliyezungukwa na kitambaa cheusi kirefu kikipanda na kupepea juu yake. Barabara ya matofali ya njano ilikuwa wanaume wanne waliovaa njano na nywele za afro za rangi ya machungwa, wanatembea na Dorothy, yaani barabara inakufuata badala ya wewe kuifuata. Kwa kikundi kisicho na fedha hizo ni habari njema: kitambaa, miili, na mawazo. Maleba mengine ndiyo yatakula pesa zenu, hasa mtu wa bati. Sarafina! ukiwa na sare za shule na viatu umeshamaliza nusu ya kazi, na sare watoto waliotoka kwetu wanajua kuzivaa.

The Color Purple: kwa watu wazima, na kwa ujasiri

Huu siwapi vijana. Nawapa akina mama.

Kitabu cha Alice Walker kilitoka 1982, mwaka uliofuata kikapata tuzo ya Pulitzer, na mchezo wa kuimba ukafika Broadway Desemba 2005. Celie ni msichana wa vijijini Georgia, mwanzo wa karne ya 20. Anabakwa na mwanaume anayemwita baba, watoto aliowazaa wanachukuliwa, anaozwa kwa mume anayempiga, na mdogo wake Nettie, mtu pekee anayempenda, anafukuzwa nyumbani kisha anakwenda Afrika na wamisionari. Barua za Nettie mume anazificha miaka na miaka. Celie anainuka polepole, na anainuka kwa cherehani. Anashona suruali za wanawake, anapata biashara, anapata nyumba.

Nilipowasimulia akina mama wa kikundi kimoja sehemu ya zile barua zilizofichwa, chumba kilinyamaza. Pale kuna waliokaa miaka kumi na tano wasijue kama dada yao yuko hai, Uvira au Bujumbura. Ilibidi tunywe chai kwanza. Sijaona mchezo mwingine unaowagusa wahamiaji wetu kiasi hicho, na haukuandikwa kwa ajili yao.

Kwa upande wa utendaji unawezekana kuliko mnavyodhani. Toleo la John Doyle lililofika Broadway mwaka 2015, ambalo lilimpa Cynthia Erivo, mzaliwa wa London wa wazazi wa Kinigeria, tuzo ya Tony, lilitumia viti vya mbao na karibu hakuna kingine. Viti kila kanisa linavyo. Muziki ni gospeli, bluzi, na jazi ya vijijini, na kuna wanawake watatu wa kanisani wanaosengenya kila kinachotokea, sehemu ambayo akina mama wetu hawakuhitaji mazoezi hata kidogo.

Lakini jueni mnachochukua. Ubakaji unatajwa waziwazi. Vipigo vipo. Na Celie anampenda Shug Avery, mwimbaji wa kike, na Shug anampenda. Kiongozi mmoja aliniomba tuchukue nyimbo tuache hayo. Haiwezekani kwa njia mbili: hadithi inaanguka, kwa kuwa Shug ndiye anayempa Celie barua zake, na pia mkataba wa haki haukuruhusu kukatakata maandishi ya watu. Kama jumuiya yenu haiko tayari kwa mazungumzo hayo, msiianze halafu mkaiacha katikati. Tazameni filamu ya 2023, iliyoongozwa na Blitz Bazawule wa Ghana, mkae mzungumze, inatosha.

Ain't Misbehavin': watu watano na piano

Hapa nitakuwa mfupi. Ni nyimbo za mpiga piano wa jazi Fats Waller na za wakati wake, Harlem, mtaa wa weusi wa New York, ya miaka ya 1920 na 1930, karibu thelathini, waimbaji watano, hakuna hadithi. Ilifika Broadway 1978 na kushinda Tony ya mchezo bora wa kuimba. Ni ya kikundi kidogo cha watu wazima wanaopenda kuvaa vizuri. Waller alikuwa mtoto wa mhubiri, alianzia kwenye kinanda cha kanisani, na hilo huwafurahisha wazee, mpaka wafike kwenye wimbo wa bangi, ambao upo na ni mrefu.

Kikwazo ni piano. Mkono wa kushoto unaruka huku na huku kama mtu anayevuka mto kwa mawe, bila kupumzika. Mpiga kinanda wetu wa ibada, ambaye kwa sebene hana mpinzani katika jimbo hili, alikaa na nota zile wiki mbili akanirudishia ndani ya bahasha. Bila mpiga piano wa jazi, sahauni.

Ninachokipenda ni jinsi unavyocheka kwa saa nzima na zaidi, halafu karibu na mwisho wote watano wanatulia, dansi inakoma, wanaimba wimbo mmoja juu ya machungu ya kuwa na ngozi hii. Mmoja tu, bila kutikisa hata bega. Kisha wanarudi kwenye raha. Kati ya watano wa kwanza alikuwepo André De Shields, ambaye miaka mitatu nyuma ndiye aliyekuwa The Wiz mwenyewe, na akaja kupata Tony yake ya kwanza mwaka 2019, akiwa na umri wa miaka 73. Namtaja kila ninapopata kijana anayelia kwa sababu hakupewa nafasi kubwa.

Haki, fedha na ukumbi

Kuna kasumba kwamba tukiigiza kanisani bila kiingilio hatuhitaji kibali. Si kweli. Mchezo una wenyewe, na kutotoza kiingilio hakukuondolei wajibu. Bei hutegemea viti vya ukumbi, bei ya tiketi na idadi ya maonyesho, kwa hiyo maonyesho mawili kwenye ukumbi wa watu mia na hamsini hayalingani na usiku mmoja wa ukumbi wa mia nane. Mkikubaliwa ndipo mnapata maandishi na nota, na mara nyingi kuna kodi ya vitabu na amana juu yake. Ombeni miezi sita kabla. Ruhusa ya kurekodi na kuweka mtandaoni ni kitu tofauti. Msije mkarusha onyesho zima moja kwa moja ili bibi aliye Kigoma aone, kisha mkapokea barua. Nota zitakuja kwa mistari mitano, solfa mtaiandika wenyewe, na huo ni usiku wa watu wawili na chai nyingi.

Ukumbi nao. Sisi tuliwahi kulipia ukumbi wa shule moja, tukafika Jumamosi na maleba begani, tukakuta mashindano ya mieleka ya watoto. Sasa sihami nyumbani bila karatasi yenye saini na namba ya simu ya mwenye funguo. Namba ya mwenye funguo, narudia, si ya ofisi.

Na bendi: Sarafina! inataka gitaa, besi, kinanda, ngoma, na angalau tarumbeta moja, bila hiyo Masekela hasikiki. The Wiz inataka bendi kubwa zaidi, ila kinanda kizuri na mpiga ngoma anayejua kusubiri vinaweza kuwabeba. The Color Purple ni kati ya hizo mbili.

Kama mnataka kutazama tu

Wapo wasio na kikundi, wanataka jioni moja ya familia. Filamu ya Sarafina! si ya wadogo: kuna askari mweusi anayechomwa moto na wanafunzi, na kuna mateso ya jela. Miaka kumi na tatu kwenda juu, na mzazi awepo. Filamu ya The Wiz ya 1978, ya Diana Ross, Michael Jackson akiwa ile sanamu, imembadilisha Dorothy kuwa mwalimu mtu mzima wa Harlem. Ina picha za kuvutia, lakini ukitaka kujua mchezo wa jukwaani ulivyo, toleo la televisheni la NBC la Desemba 2015 liko karibu nao zaidi, tena Stephanie Mills, Dorothy wa kwanza, ameigiza humo kama shangazi. Watoto wa miaka sita wanaimaliza bila kulala. Wa miaka minne wanamkimbia mchawi mkubwa, kisha wanaomba arudishwe.

Tulichochagua

Mkiwa na vijana ishirini na zaidi, sauti nne kamili, na hakuna kati yao anayeumia kuigiza askari, chukueni Sarafina!, na kama Februari imewabana isogezeni hadi tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, ambayo iliwekwa kwa ajili ya wanafunzi haohao wa Soweto. Theluji itakuwa imeisha na shule zimefungwa. Mkiwa na watoto mchanganyiko, wadogo na wakubwa, na Dorothy ameshapatikana, The Wiz. Akina mama wenye umoja wa kweli na mchungaji anayewasikiliza, The Color Purple. Watano na mpiga piano wa jazi, mnajijua.

Sisi mwaka huu wazazi walipiga kura ya Sarafina!, vijana wakapiga ya The Wiz, na vijana walikuwa wengi. Dorothy wetu ana miaka kumi na minne, alizaliwa Nyarugusu, na tumemjaribu mara tatu mbele ya ibada nzima kabla ya kulipa senti. Anaangalia watu. Mchungaji ametuomba tu kwamba yule mchawi mbaya asivae nyekundu, tukakubali. Kitambaa cha kimbunga kimenunuliwa, mita kumi na nane, cheusi, chepesi. Kiko kwa mama fundi cherehani, ambaye amenipigia jana kuuliza kama akikunje pindo au akiache wazi kipepee. Nimemwambia akiache.